Kupima Kusikiliza na Kusoma Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa Kiingereza wanaotunga mitihani yao wenyewe katika madarasa ya mwisho ya sekondari, ambako wanafunzi wengi wana umri wa kati ya miaka 15 na 18. Mengi yametokana na kazi ya kila siku ya kutunga, kusimamia na kusahihisha. Mengine yametokana na elimu ya upimaji, ambayo kanuni zake kadhaa zina umri mkubwa kuliko walimu wengi wanaozitumia.

Kwa nini kusikiliza na kusoma zisiunganishwe ziwe alama moja ya ufahamu?

Kwa sababu mwanafunzi anaweza kuwa hodari upande mmoja na dhaifu upande wa pili, na alama iliyojumlishwa humficha. Mwanafunzi aliyepata 30 kati ya 50 huenda amepata 15 katika kila stadi, au huenda amepata 24 katika kusoma na 6 katika kusikiliza. Hawa ni wanafunzi wawili tofauti kabisa, na mwalimu anayewapa zoezi lile lile la marudio atakuwa amemsaidia mmoja na kumchosha mwingine.

Msomaji hutawala mwendo wake: akikwama hurudi nyuma, akichoka hupumzika, na nafasi kati ya neno na neno huonekana wazi kwenye karatasi. Msikilizaji hana raha hiyo. Maneno hupita yakaenda, na katika Kiingereza kinachozungumzwa kwa kawaida mipaka ya maneno humezwa. Mwanafunzi aliyejifunza lugha vitabuni hutambua mara moja maneno "what do you want to do" akiyaona, lakini yakitamkwa kwa pumzi moja anaweza asitambue hata neno moja kati ya hayo sita. Kinyume chake wapo waliozoea filamu na nyimbo, ambao hufuata mazungumzo bila taabu lakini hushindwa kuifumbua sentensi ndefu ya maandishi yenye vishazi vitatu.

Ni kweli kwamba stadi hizi mbili zina msingi mmoja wa msamiati na sarufi. Gough na Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili yanayozidishwa, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, kiasi kwamba moja likiwa sifuri tokeo zima huwa sifuri. Wao walikuwa wakiwafikiria zaidi watoto wanaojifunza kusoma, lakini hoja hiyo humfaa pia mwalimu wa lugha ya kigeni, kwa kuwa humkumbusha kuuliza ni upande upi wa kuzidisha huko uliopungua.

Nianzie wapi ninapotunga mtihani?

Anzia kwenye jedwali la kutahini kabla ya kutafuta matini yoyote. Andika ni maswali mangapi yatakayodai kupata taarifa mahususi, mangapi yatadai wazo kuu, mangapi yatadai kubaini jambo ambalo halikusemwa waziwazi, na mangapi yatahusu msimamo au nia ya msemaji au mwandishi. Bila jedwali hilo, mkono wa mtungaji huenda kwenye kilicho rahisi kutunga, na kilicho rahisi kutunga ni swali la tarehe, idadi au jina. Nimewahi kuupitia mtihani wangu mwenyewe wa miaka ya nyuma nikakuta kwamba maswali 17 kati ya 20 yangeweza kujibiwa na mtu anayejua tu kutafuta tarakimu na herufi kubwa ndani ya aya.

Matini ya kusoma iwe ngumu kiasi gani?

Kipimo kinachotegemeka zaidi ni msamiati. Hu na Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000 uliotumia hadithi, walionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kuyajua maneno takriban 98 kati ya kila 100 ili waielewe matini vya kutosha bila msaada. Katika matini ya maneno 400, hiyo ni sawa na maneno manane tu yasiyojulikana. Watafiti wengine wameridhika na 95 kati ya 100, yaani maneno 20 katika matini hiyo hiyo, hasa mwalimu anapokuwa karibu kusaidia. Lakini katika chumba cha mtihani mwalimu hasaidii.

Njia rahisi ya kukagua ni kumpa mwanafunzi wa wastani, ambaye hatafanya mtihani huo, matini hiyo pamoja na kalamu ya rangi, na kumwomba apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Mistari ikizidi 20 katika maneno 400, matini hiyo itakuwa inapima msamiati kabla ya kufika kwenye kusoma. Tahadhari moja ni kwamba wanafunzi huona haya kukiri, hivyo baadhi ya mistari haitapigwa.

Zipo fomula zinazokadiria ugumu kwa kuhesabu urefu wa sentensi na silabi za maneno, na ile ya Flesch ya mwaka 1948 bado imo katika programu nyingi za kuandikia. Zitumie kwa kulinganisha matini mbili, lakini usizipe neno la mwisho. Sentensi fupi yenye maneno mafupi inaweza kuwa fumbo kwa mgeni wa lugha, hasa ikiwa imejaa vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika maana kwa kuongezewa kihusishi kidogo tu, kama vile "put up with" au "get over".

Nitajuaje kwamba swali linapima kusoma na halipimi maarifa aliyokuja nayo mwanafunzi?

Ondoa matini, kisha wape watu maswali peke yake. Jaribio hili huchukua dakika kumi, nami nashangaa kwamba halifanywi kila mara. Ikiwa kila swali lina majibu manne ya kuchagua, mtu anayebahatisha tu atapata takriban robo ya alama. Akipata zaidi ya nusu, maswali yenu yanajibika kwa akili ya kawaida au kwa elimu ya masomo mengine. Matini kuhusu moyo wa binadamu humpendelea mwanafunzi wa baiolojia hata kama Kiingereza chake ni hafifu, na matini kuhusu mchezo fulani huwapendelea wanaoucheza.

Ubaya mwingine ambao jaribio hili hufichua ni jibu sahihi linalojitangaza lenyewe. Watungaji wengi, wakiogopa kukosolewa, huliongezea jibu sahihi maneno ya tahadhari mpaka linakuwa refu kuliko mengine yote, na wanafunzi wameshalijua hilo zamani. Neno "daima" au "kamwe" ndani ya jibu nalo huwaambia waliache.

Majibu ya kupotosha yaandikweje?

Haya ni majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya jibu sahihi, na hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi ya mtungaji, kwa hiyo tutakaa kidogo. Chukua mazungumzo haya mafupi ya kusikiliza. Mmoja anauliza, "Are you coming on Saturday?" Mwingine anajibu, "I was going to, but my brother needs the car." Swali ni: je, mtu huyu atakuja Jumamosi? Majibu ni matatu: atakuja, hatakuja, hajaamua.

Neno "no" halikutamkwa popote, na jibu sahihi ni kwamba hatakuja. Anayechagua "atakuja" amesikia "going to" akaishikilia kama alama ya wakati ujao, bila kusikia au bila kuelewa kile kitenzi cha wakati uliopita kilichotangulia. Anayechagua "hajaamua" amesikia "but", akajua kwamba kuna kikwazo, lakini hakulitambua dokezo la heshima ambalo wazungumzaji wa Kiingereza hulitumia kukataa bila kukataa. Makosa haya mawili hayafanani. La kwanza hutibiwa kwa sarufi na mazoezi ya kusikia silabi dhaifu. La pili hutibiwa kwa kuwasikilizisha wanafunzi jinsi watu wanavyokataa mialiko. Mwalimu aliyetunga majibu ya kupotosha kwa namna hii hupata taarifa kutoka kwa mwanafunzi aliyekosa, na hiyo hasa ndiyo tofauti kati ya mtihani wa kupanga nafasi na mtihani wa kufundishia.

Sasa fikiria swali hilo hilo likiwa na jibu la nne lisemalo kwamba kaka yake anaumwa. Hakuna atakayelichagua isipokuwa aliyelala. Jibu la namna hiyo huongeza wino na muda wa kusoma, wala halileti taarifa yoyote. Ndiyo maana ushahidi wa utafiti, ukiwemo uchambuzi mpana wa Rodriguez wa mwaka 2005 uliojumuisha tafiti za miongo mingi, unaelekea kusema kwamba majibu matatu hutosha katika hali nyingi. Ni afadhali majibu mawili ya kupotosha yenye mvuto kuliko matatu ambayo moja lake ni la kujazia nafasi.

Rekodi ichezwe mara moja au mara mbili?

Mitihani mikubwa yenyewe haikubaliani. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao sehemu yake ya kusikiliza ina maswali 40 na rekodi za takriban dakika 30, kila rekodi huchezwa mara moja tu. Ndivyo ilivyo pia katika TOEIC, mtihani mwingine wa kimataifa wenye maswali 100 ya kusikiliza kwa takriban dakika 45. Katika mtihani wa Cambridge wa B2 First, rekodi husikika mara mbili. Japani, mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu unachanganya: baadhi ya maswali husikika mara mbili na mengine mara moja.

Wanaotetea mara moja husema kwamba maishani hakuna anayerudia tangazo kwa ajili yako. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haijakamilika, kwa sababu maishani msikilizaji huweza kuomba "samahani, umesemaje?", na huuona uso wa msemaji. Zaidi ya hayo, chumbani kikohozi kimoja hutosha kufuta swali zima, na alama iliyopotea kwa kikohozi haielezi lolote kuhusu Kiingereza cha mtu. Maoni yangu ni haya: maswali ya taarifa moja fupi, kama bei, saa au namba ya chumba, yachezwe mara moja, yale yanayodai kufuata hoja ndefu au kubaini msimamo yachezwe mara mbili, mara ya kwanza kwa wazo kuu na mara ya pili kwa undani. Uamuzi wowote utakaofanywa, wanafunzi waujue kabla ya siku ya mtihani, na usibadilishwe katikati eti kwa sababu darasa linaonekana kuhangaika.

Je, mwalimu anaweza kusoma mwenyewe badala ya kutumia rekodi?

Anaweza ikiwa hakuna njia nyingine, lakini ajue anachokipoteza. Mwalimu anayesoma mbele ya wanafunzi wake hupunguza mwendo bila kujijua, hukazia sauti kwenye neno lililobeba jibu, na huwatazama wanaoandika ili aone kama wamefika. Madarasa mawili yaliyosomewa na walimu wawili yamefanya mitihani miwili. Simu ya mkononi na chumba kilichotulia vinatosha kutengeneza rekodi inayofaa. La muhimu ni kuijaribu kwanza ukiwa umekaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu spika inayosikika vizuri mezani kwa mwalimu huweza kuwa mngurumo tu huko nyuma.

Jinsi kelele zinavyohofiwa katika mtihani wa kusikiliza inaonekana vizuri Korea Kusini, ambako ndege huzuiwa kupaa na kutua nchini kote wakati wa sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu. Maswali ya kusikiliza katika mtihani huo ni 17 kati ya 45 ya Kiingereza. Mwalimu hana uwezo wa kuzuia ndege, lakini anaweza kuzungumza na mwenzake wa muziki kuhusu ratiba.

Tutumie lafudhi gani?

Zaidi ya moja, mradi wanafunzi wamezisikia kabla. TOEIC ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2006 ilianza kutumia wasemaji wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, na IELTS nayo huchanganya lafudhi. Hata hivyo, wengi wa wanaokitumia Kiingereza leo hawakuzaliwa nacho, na mwanafunzi ana uwezekano mkubwa wa kuzungumza nao kuliko kuzungumza na mtangazaji wa London. Msemaji mwenye lafudhi ya lugha yake ya kwanza, anayetamka wazi na kwa mwendo wa kawaida, anafaa kabisa kwenye rekodi. Kisichofaa ni kumshtukiza mwanafunzi kwa lafudhi ngeni siku ya mtihani wenyewe, kisha kuiita tokeo lake "udhaifu wa kusikiliza".

Wanafunzi wayaone maswali kabla ya rekodi kuanza?

Ndiyo, na wapewe muda wa kutosha kuyasoma. Hakuna anayesikiliza bila kujua anatafuta nini, hata nje ya chumba cha mtihani. Ila maswali yenyewe yawe mafupi na yaandikwe kwa msamiati rahisi kuliko wa rekodi, la sivyo mtihani wa kusikiliza hugeuka kuwa mtihani wa kusoma kwa haraka huku sauti ikipiga kelele pembeni.

Mwanafunzi akijibu sahihi lakini akakosea tahajia au sarufi, apewe alama?

Inategemea kile kilichotangazwa kwamba kinapimwa, na kwa maoni yangu jibu la kawaida linapaswa kuwa ndiyo. Aliyeandika "Wensday" ameisikia siku hiyo vizuri sana, pengine vizuri kuliko aliyekariri tahajia, kwa kuwa ameandika kile ambacho sikio lilimpa. IELTS hukata alama kwa tahajia mbaya, na chuo kinachowapokea watahiniwa hao kina sababu zake. Mwalimu wa darasa, ambaye mtihani wa kuandika anao kando, hana haja ya kuadhibu kosa moja mara mbili.

Mpaka unahitaji kuwekwa mahali fulani, na mwongozo wa usahihishaji ndio unaouweka. Tahajia iliyokosewa ikubaliwe mradi neno lililokusudiwa linatambulika na halijawa neno lingine. Mwanafunzi aliyeandika "fifty" mahali pa "fifteen" hajakosea tahajia, kwani hakusikia mkazo ulikuwa silabi ipi. Mwongozo uandikwe kabla ya kusahihisha, halafu uongezewe majibu yasiyotarajiwa kutoka kwenye karatasi kumi za kwanza, na karatasi hizo kumi zirudiwe baada ya nyongeza hiyo. Wengi huusahau mwisho huo, na watahiniwa walioko juu ya rundo ndio wanaoumia.

Swali linalofuatana na hili ni la lugha ya kujibia. Katika kusoma, kumruhusu mwanafunzi aeleze kwa lugha yake ya kwanza wazo kuu la aya ngumu huonyesha ufahamu wake bila kumfunga na uwezo wake wa kuandika. Baadhi ya walimu huona kwamba huko ni kulegeza kamba. Lakini kama lengo ni kujua ameelewa nini, ni afadhali tumsikie akieleza kwa ufasaha kuliko tumwone akinakili sentensi ya matini, ambayo angeweza kuinakili hata bila kuielewa.

Tofauti ya alama moja kati ya aliyefaulu na aliyefeli ina maana yoyote?

Mara nyingi haina, na hesabu yake si ngumu. Kila mtihani una kiwango cha uthabiti, yaani kiasi ambacho matokeo yangebaki vilevile kama wanafunzi hao hao wangefanya mtihani mwingine unaolingana na huo. Kuder na Richardson walitoa mwaka 1937 fomula ya kukikadiria kwa maswali yanayosahihishwa kwa kupata au kukosa, na Cronbach akaipanua mwaka 1951. Programu za majedwali za kompyuta huikokotoa kwa urahisi. Jibu huwa kati ya 0 na 1.

Tuseme mtihani wa maswali 40 una uthabiti wa 0.84 na alama za darasa zimetawanyika kwa mchepuko wastani wa 6, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyoachana na wastani wa darasa. Unatoa 0.84 kwenye 1, unabaki na 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, unazidisha kwa 6 na kupata 2.4. Hicho ndicho kiwango cha kosa la kawaida la kipimo. Mwanafunzi aliyepata 23, alama yake halisi ina nafasi ya takriban theluthi mbili ya kuwa kati ya 20.6 na 25.4. Kama alama ya kufaulu ni 24, hatuna msingi wa kusema kwamba amezidiwa na jirani yake aliyepata 24. Anayesimama karibu na mstari apewe kipimo cha pili, au kazi zake za darasani zitazamwe.

Uthabiti huongezeka kwa kuongeza maswali mazuri, ingawa si kwa uwiano ule ule. Mtihani wenye uthabiti wa 0.60 ukirefushwa mara mbili kwa maswali ya ubora unaolingana unatarajiwa kufika 0.75. Kwa sababu hiyo jaribio la maswali matano lifaalo kuanzia kipindi halifai kuandikwa kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka.

Nitatambuaje swali bovu baada ya mtihani kufanyika?

Kwa namba mbili. Ya kwanza ni ugumu: ikiwa wanafunzi 24 kati ya 40 wamelipata, ugumu wa swali ni 0.60, na namba ndogo humaanisha swali gumu zaidi. Ya pili ni uwezo wa kutofautisha. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini, kisha uchukue asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini, mgao ambao Kelley aliutetea mwaka 1939. Katika darasa la 40 hao ni takriban 11 kila upande. Ikiwa tisa wa juu na watatu wa chini wamelipata swali, tofauti yao ni 6, na 6 ukigawa kwa 11 ni takriban 0.55. Hilo ni swali zuri. Kuanzia 0.30 kwenda juu huhesabiwa kuwa linafaa.

Namba ikitoka hasi, maana yake wanafunzi dhaifu wamelipata zaidi kuliko hodari. Kabla ya kuwaza lolote lingine, angalia kama ufunguo wa majibu umeandikwa sawasawa. Mara moja nilikuta swali la namna hiyo, nikatumia jioni nzima nikitafuta kasoro ndani ya matini, kumbe niliandika B mahali pa D.

Je, alama za darasani zinaweza kutafsiriwa kuwa viwango vya A1 hadi C2?

Si kwa kuchora mistari kwenye karatasi ya alama tu. Viwango hivyo sita vilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 katika mfumo wa marejeo wa lugha, nao hueleza mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya: anayefikia B1 katika kusikiliza, kwa mfano, hufuata hoja kuu za mazungumzo yaliyo wazi kuhusu mambo anayoyazoea. Kusema kwamba asilimia 60 ni B1 hakuna maana mpaka ijulikane ni asilimia 60 ya nini, kwa kuwa mtihani mwepesi na mgumu unaweza kutoa asilimia ile ile.

Kinachowezekana ni walimu wachache kukaa pamoja na kulipitia kila swali wakijiuliza: katika wanafunzi 100 walioingia B1 kwa taabu, wangapi wangelipata swali hili? Makadirio hujumlishwa, na wastani wa walimu huwa alama ya mpaka. Njia hii hunasibishwa na Angoff, aliyeieleza mwaka 1971. Huchosha na huzua ubishi, lakini ubishi wenyewe una faida: ni mara chache sana walimu wa idara moja huzungumza kwa saa mbili kuhusu kile hasa ambacho swali linadai.

Tutumie karatasi za TOEIC au IELTS kama mtihani wa shule?

Kwa mazoezi, sawa. Kwa kutoa alama za mwaka, hapana. TOEIC ilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza cha kazini, na sehemu ya kusoma ya IELTS ya kitaaluma humpa mtahiniwa matini tatu ndefu na maswali 40 kwa dakika 60, mzigo uliokusudiwa watu wanaojiandaa kwa chuo kikuu. Hakuna kati ya mitihani hiyo iliyotungwa kwa kuangalia kile ulichofundisha muhula huu.

Na mwanafunzi mwenye usikivu hafifu, uoni hafifu au disleksia (ugumu wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa)?

Kanuni ni kuondoa kizuizi kisichohusiana na stadi inayopimwa, na kukiacha kile kinachohusiana nayo. Maandishi makubwa, muda wa ziada na chumba cha peke yake havibadilishi kinachopimwa katika kusoma. Kumsomea mtahiniwa matini ya kusoma kunabadilisha, kwa kuwa sasa anasikiliza. Mwanafunzi kiziwi asipewe sifuri katika kusikiliza. Sehemu hiyo iondolewe kwenye hesabu yake na ripoti iseme hivyo. Mipango hii iwekwe wiki kadhaa mapema, na mwanafunzi mwenyewe aulizwe, kwani mara nyingi anajua vizuri kuliko sisi kinachomsaidia.

Programu za akili unde zinaweza kututungia maswali?

Zinaweza kutoa rasimu kwa dakika moja, na sauti zao za kubuni zimekuwa safi kiasi cha kutumika kwenye rekodi. Lakini rasimu hizo zina tabia ile ile ya mtungaji mvivu: maswali ya taarifa ndogo ndogo, jibu sahihi refu kuliko mengine, na mara nyingine majibu mawili yanayokubalika. Zipitishe kwenye jaribio la kuondoa matini lililoelezwa hapo juu, kisha mwenzako ayajibu maswali bila kuonyeshwa ufunguo. Palipo na tofauti kati ya majibu yake na ufunguo, pana swali la kurekebisha au la kutupa.

Baada ya kusahihisha, wanafunzi warudishiwe nini?

Wapewe karatasi zao, alama mbili zilizotenganishwa, na kwa upande wa kusikiliza, maandishi ya rekodi pamoja na rekodi yenyewe. Wasikilize tena mahali walipokosea huku wakifuata kwa macho. Kila mmoja aandike pembeni mwa swali sababu moja ya kosa lake: neno sikulijua, neno nalijua lakini sikulitambua masikioni, nilielewa kila neno lakini sikupata maana, niliacha kusikiliza. Zikusanye karatasi hizo tena na uhesabu sababu. Darasa ambalo sababu ya pili imejirudia mara 60 linahitaji kipindi kijacho kitumike kwa imla fupi fupi za sentensi zinazotamkwa kwa mwendo wa kawaida, na orodha mpya ya msamiati inaweza kusubiri.